Kabla ya Silanti: Kumbe Tunasugua Gari za Leo kwa Akili ya 1925

Nianze na swali lenyewe, kwa sababu najua kuna watu watasoma aya moja na kuruka. Gari yako ilipakwa silanti miezi mitano iliyopita. Maji hayakimbii tena juu ya boneti vile yalikuwa yanakimbia. Unataka kupaka nyingine. Je, unapitisha kisafisha rangi kwanza, ama unaosha tu, unakausha, unapaka?

Uliza karwosh tatu hapa Nairobi na utapata majibu manne. Mmoja atakwambia lazima uivue gari kila kitu kilichoko juu, mpaka ibaki uchi. Mwingine atakwambia hiyo ni kukula pesa za watu bure, paka juu ya ile ya zamani. Wa tatu atatoa kopo la kompaundi, akuonyeshe boneti ya mteja mwingine inavyong'aa, na kabla hujamaliza kuuliza bei ameshaanza kusugua ya kwako. Wote wanaongea kwa uhakika kabisa. Msimamo wangu ni kwamba hili swali lina miaka zaidi ya mia moja, jibu lake lilibadilika katikati ya safari, na wengi wetu tulibaki na lile jibu la zamani bila kuambiwa.

Kwa ambaye hajui, silanti si nta. Nta inatoka kwa mmea au mdudu. Silanti ni polima za kiwandani, kimiminika unachopaka kwa safu nyembamba sana, kinashika kwenye rangi, kinakauka, halafu kinakaa hapo miezi kadhaa kikizuia maji, vumbi na kinyesi cha ndege visiguse rangi yenyewe. Neno la kuweka akilini ni "kinashika". Tutalirudia.

Sasa twende nyuma.

Gari za kwanza zilipakwa rangi vile magari ya farasi yalipakwa. Brashi, rangi ya mafuta, vanishi juu yake, tabaka baada ya tabaka. Kila tabaka linangojwa likauke, linasuguliwa, linapakwa lingine. Gari moja ingeweza kukaa wiki nzima, mbili, hata zaidi, ikingojea rangi tu. Ford alipoanza kutoa Model T kwa maelfu, hiyo haingewezekana. Kati ya 1914 na 1925 Model T ilitoka nyeusi pekee, rangi yenye lami ndani yake, ya bei rahisi na isiyochoka haraka. Kabla ya hapo Model T zilikuwa na rangi zingine, kwa hivyo ile hekaya kwamba Ford alikuwa na chuki binafsi na rangi ni stori za jaba. Ilikuwa hesabu ya pesa na muda.

Mwaka 1923 mambo yakageuka. DuPont na General Motors walileta rangi iliyoitwa Duco, na gari za kwanza kuivaa zilikuwa Oakland, za bluu. Msingi wake ulikuwa nitroselulosi, kemikali ya ukoo mmoja na baruti. DuPont walikuwa wametengeneza vilipuzi kwa wingi wa kutisha wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na vita vikaisha wakiwa na viwanda na ujuzi wa kutafutia kazi nyingine. Duco ilinyunyizwa kwa bomba la hewa badala ya brashi na ilikauka kwa masaa. Masaa, si wiki. Rangi zikarudi barabarani, na ndipo watu wa mitaa ya kawaida wakaanza kununua gari kwa kuangalia rangi.

Lakini Duco na ndugu zake walikuwa na ugonjwa mmoja. Ngozi yao ya juu ilikufa. Jua na hewa viliigeuza ikawa kama chaki. Ukipitisha kiganja, unatoka na unga. Habari njema ni kwamba chini ya ile ngozi iliyokufa kulikuwa na rangi hai, rangi ile ile, kwa sababu gari ilikuwa na rangi ya mwili mmoja kutoka juu mpaka karibu na bati. Kwa hivyo dawa ilikuwa wazi. Futa iliyokufa, fikia iliyo hai, ifunike na nta isife haraka.

Kuna kampuni ya Chicago iliyojenga utajiri kwa sentensi hiyo. Simoniz, iliyoanzishwa karibu mwaka 1910, iliuza makopo mawili. La kwanza lilikuwa la kusafisha rangi, la pili la nta. Unasugua na la kwanza mpaka mkono unauma, halafu unapaka la pili na unasugua tena mpaka mkono ule mwingine nao uume. Ilishika mpaka Wamarekani wakageuza jina la kampuni kuwa kitenzi. Ile kanuni unayoisikia leo ya "safisha kwanza ndio upake" iliandikwa kwenye makopo ya aina hiyo, na wakati huo ilikuwa kanuni sahihi kabisa.

Hiyo nta yenyewe ina hadithi ambayo siwezi kuiacha hata kama inatuchelewesha. Nta bora ya gari ilikuwa karnauba, inayotoka kwa mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Kule kuna ukame, na majani ya mti huo hujipaka nta ili maji yasitoke. Watu wanakata majani, wanayaanika, wanayapiga, na unga wa nta unaanguka. Ni nta ngumu, haiyeyuki mpaka joto lifike kama nyuzi 82 au zaidi. Mwaka 1935 H. F. Johnson Jr., bosi wa kampuni ya nta za sakafu ya Racine, Wisconsin, alipanda ndege ya kutua majini aina ya Sikorsky S-38 akasafiri mpaka Fortaleza kuangalia miti hiyo kwa macho yake. Yaani msee anafunga safari ya bara hadi bara, kwa ndege ndogo, kutafuta kitu cha kung'arisha sakafu! Ukiona kopo limeandikwa karnauba pale dukani Kirinyaga Road, ujue majani ya Brazili ndiyo yako ndani. Ama angalau kidogo yao.

Turudi kwa rangi. Katika enzi hiyo yote ya rangi ya mwili mmoja kulikuwa na shahidi: kitambaa. Gari nyekundu ilikuwa inakuachia kitambaa chekundu. Gari ya bluu, kitambaa cha bluu. Kila aliyekuwa akisugua alikuwa anaona kwa macho yake kile anachotoa, na akiona kitambaa kimelowa rangi sana, anapunguza mkono. Hakuhitaji kusoma kemia.

Huyo shahidi ndiye tulimpoteza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea miaka ya 1980, viwanda vikahamia mfumo mwingine. Chini kuna rangi yenyewe, nyembamba, haina hata mng'ao wa maana. Juu yake kuna tabaka lisilo na rangi, linaloonekana kama kioo, tunaloita kliakoti. Sababu kubwa ilikuwa rangi za kumetameta, zile zenye vipande vidogo vya alumini ndani. Vipande hivyo vikiachwa wazi vinaharibika, kwa hivyo vikafunikwa. Mng'ao wote unaouona kwenye Mazda Demio ya jirani ni wa kliakoti. Kinga dhidi ya miale ya jua imo ndani ya hiyo kliakoti pia.

Na kliakoti ni nyembamba kuliko unavyofikiria. Kwa gari nyingi ni kama mikroni 40 hadi 50. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70. Kwa hivyo kile kinachotenganisha rangi ya gari yako na jua la Nairobi ni kitu chembamba kuliko unywele mmoja, na ulipewa mara moja tu, kiwandani. Hakioti tena.

Sasa sugua kliakoti na kompaundi, halafu angalia kitambaa. Hakuna rangi. Kuna utelezi mweupe wa kompaundi tu. Gari inang'aa kuliko asubuhi, mteja anafurahi, kijana wa karwosh anapewa cha juu, na hakuna mtu amejua kwamba kuna kitu kimetoka. Hapo ndipo naona shida yetu yote ilipo. Mikono yetu ilirithi mazoea ya gari zilizokuwa zinatoa ushahidi, tukayaleta kwa gari zisizotoa ushahidi wowote.

Hapa kwetu hayo mazoea yana mizizi. Kizazi cha babu zetu kiliabudu Peugeot. Ile 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978, na baada ya hapo kila mwalimu mkuu na kila teksi ya kwenda mashambani ilitaka kuwa Peugeot. Nyingi za gari za enzi hiyo, hasa zile nyeupe na za rangi tulivu, zilikuwa za mwili mmoja. Mafundi waliokuwa wanazisugua kila Krismasi walikuwa wanafanya kazi sawa. Wakafundisha vijana wao, na vijana wakafundisha wengine, mpaka ikafika kwa huyu wa leo aliye na ndoo pale karibu na steji. Njiani gari zilibadilika. Zikaja za Japani zilizotumika, na sheria yetu ya miaka 8 inamaanisha gari inashuka Mombasa ikiwa tayari na miaka sita au saba ya jua, theluji na mikono ya watu wengine. Huwezi kujua imesuguliwa mara ngapi kabla ya kuingia melini. Unaanza na kliakoti ambayo hujui imebaki kiasi gani.

Mjomba wangu anaendesha teksi ya apu. Vitz, ya fedha. Gari kwake ni ofisi na ni akiba, ile ya "nikikwama nitauza hii". Kila baada ya miezi mitatu minne alikuwa anaipeleka karwosh fulani, anaomba ipakwe silanti, na kila mara wanamwambia haiwezi kushika bila kusuguliwa kwanza na kompaundi. Walikuwa na mashine. Miaka mitatu hivyo. Mwaka jana paa likaanza kuwa na madoa meupe, kama ngozi ya mtu aliyebanduka baada ya kuungua, na pembezoni mwa boneti vilevile. Alipotaka kuiuza, mnunuzi alizunguka gari mara moja, akagusa paa, akashusha bei kwa Sh60,000. Kupaka upya paa na boneti vizuri kungemla karibu hizo hizo. Mjomba hakuwa mzembe. Alikuwa analipia gari itunzwe.

Mtu atasema, basi tuache kusafisha, tupake tu. Hapana. Huko pia kuna historia yake.

Kuanzia miaka ya 1950 silikoni ziliingia kwenye polishi za gari, na baadaye polima zingine zikafuata. Zilikuwa rahisi kupaka na zilidumu kuliko nta. Mafundi wa rangi walizichukia, na bado wanazichukia, kwa sababu silikoni ikibaki hata kidogo kwenye bati, rangi mpya ikinyunyiziwa hapo inakimbia na kuacha vishimo vya mviringo wanavyoviita macho ya samaki. Hiyo chuki inakufundisha kitu. Kama mabaki ya mafuta yanaweza kufukuza rangi, yanaweza kufukuza silanti pia. Nta ilikuwa mvumilivu, unaipaka juu ya nta nyingine na maisha yanaendelea. Silanti inataka kushika kwenye rangi, si kwenye mafuta ya polishi ya juzi, wala nta, wala chumvi za maji.

Na chumvi tunazo. Nairobi tunaosha gari na maji ya kisima cha kuchimbwa, na tunaziacha zikauke juani. Kila tone linaacha duara lake. Ongeza vumbi jekundu la murramu, utomvu wa miti, maua ya jakaranda mwezi wa kumi, na chembe ndogo za chuma kutoka breki za gari zote zilizokutangulia kwenye foleni ya Mombasa Road. Hizo chembe hunasa kwenye kliakoti na kushika kutu pale pale. Ndizo zinazofanya gari iliyooshwa ikikauka bado ina vipele ukipitisha vidole. Sabuni haizitoi. Miaka ya 1990 Wajapani walisambaza duniani ule udongo laini unaoteleza juu ya rangi ukinyonya vipele hivyo, na siku hizi kuna dawa ya kunyunyizia inayogeuka zambarau ikikutana na chuma. Ukiiona ile zambarau ikitiririka kwenye mlango mweupe mara ya kwanza, utaogopa kidogo. Usiogope, ni chuma kinaachilia.

Kwa hivyo neno "kusafisha" limebeba kazi mbili ambazo zamani zilikuwa moja. Enzi ya Duco, kusafisha kulikuwa ni kutoa rangi iliyokufa, na ukitoa rangi unatoa na uchafu wake, mambo kwisha. Leo tunataka kutoa uchafu peke yake na kuacha kliakoti ilivyo. Lakini makopo dukani yanatumia jina moja kwa vitu tofauti. Kuna kisafisha rangi cha kemikali tupu, kinayeyusha mafuta na mabaki ya silanti. Kuna kingine chenye chembe za kusugua ndani, yaani ni polishi iliyobadilisha jina. Na kuna cha tatu kinachosugua kidogo, kisha kinaacha mafuta ya kujaza mikwaruzo ili ionekane imepona. Hicho cha tatu ndicho cha ujanja zaidi. Unasafisha ili silanti ishike, kumbe umepaka mafuta yanayoizuia. Weka tone kati ya vidole viwili usugue. Ukisikia mchanga, hata ule laini kabisa, hicho kinakula kliakoti. Ukisikia mafuta yanayogoma kuisha, usikitumie mwisho.

Mimi nikiulizwa na mtu mwenye silanti ya miezi mitano, nauliza kwanza ameweka nini hapo katikati. Kama ni silanti ile ile, hajapaka nta wala polishi nyingine juu, na maji bado yanajikusanya japo kwa uvivu, basi aoshe vizuri, atoe madoa ya maji, akaushe, apake. Kisafisha rangi hapo hakina kazi ya maana. Kama anabadilisha aina, au karwosh ilimpaka kitu cha kung'arisha asichokijua, au maji yanalala bapa juu ya boneti, hapo ndio nasema ndiyo, tumia kisafisha, cha kemikali, halafu pangusa na spiriti iliyochanganywa na maji kwa kitambaa safi, kipande kwa kipande. Vipele vikiwepo, udongo kwanza, na maji mengi ya sabuni yasikauke katikati. Na usifanye haya yote saa saba mchana kwenye bati linalochoma mkono. Tafuta kivuli, na ukimaliza iache masaa kadhaa bila umande wala mvua, kwa sababu silanti inahitaji muda kukomaa.

Kompaundi nayo ina siku yake. Mikwaruzo, alama za asidi ya ndege, kliakoti iliyofifia lakini bado ipo. Lakini hiyo ni matibabu, haifai kuwa desturi ya kila miezi mitatu kwa sababu tu silanti imechoka. Fundi makini anapima unene wa rangi kwanza kwa kile kifaa kidogo cha kugusisha kwenye bati, na akikwambia hana, muulize atajuaje wakati wa kuacha.

Najua kuna mtu wa nganya anasoma hii akisema haimhusu. Inakuhusu wewe kuliko wote, buda. Michuki alifuta michoro kwenye matatu na sheria zake za 2004, tukabaki na ule mstari wa manjano, na ilichukua takriban miaka kumi kabla ya serikali kulegeza na michoro kurudi kwa nguvu. Ile sura iliyochorwa ubavuni kwa bomba la hewa iko chini ya kliakoti iliyonyunyiziwa gereji, na mkono wa gereji hauna usawa wa roboti ya kiwanda. Kuna mahali ni nene, kuna mahali imepita kama pumzi. Kijana akipitisha mashine hapo kila Jumapili ili ing'ae Jumatatu, siku kliakoti itaisha, ndipo kitambaa kitakapotoka na rangi. Itakuwa rangi ya kazi ya msanii.

Mjomba bado ana ile Vitz. Sasa anaiosha mwenyewe Jumapili, ndoo mbili, shampuu ya gari badala ya sabuni ya unga, na paa hagusi na kitu chochote kigumu kuliko kitambaa. Silanti anapaka mara mbili kwa mwaka. Yale madoa hayajapungua na hayatapungua, lakini tangu Januari hayajaongezeka upana, maana tuliyazungushia utepe tukapima.